Mtani Aliyeitika Ukunguni

Picha tano zilikauka, ya sita ikakataa.

Gaspar alizibana zote siku moja, kwenye uzi mmoja, ndani ya kile kistoo cha uani alichokigeuza chumba cha kusafishia picha. Dirisha kaligongelea bati, nyufa kaziziba kwa matambara, mlangoni kaning'iniza blanketi. Mchana ule ule tano zikawa kavu. Ya sita ikawa inadondosha maji. Kesho yake inadondosha. Siku ya tatu mkewe, Demetria, akaweka sufuria chini yake, na ilipofika alasiri sufuria lina maji ya kutosha kusongea ugali wa watu wawili.

Demetria akainama, akanusa.

"Baba Wilbert, haya maji yananuka moshi."

"Ni dawa za picha hizo."

"Dawa zako nazijua, zinanuka siki. Haya yananuka moshi wa kuni mbichi. Yananuka jiko la mtu."

Gaspar akajitia kupanga chupa zake. Na mtu yule alikuwa na jibu la kila kitu, hata la swali ambalo hakuulizwa. Mnyamwezi wa Tabora, mtoto wa misheni, suruali imepigwa pasi mpaka ukiigusa unajikata. Alipiga picha katika duka moja la mjini, miaka kumi, kwa kamera ya mwenye duka. Mtoto wao Wilbert walimwacha Tabora kwa bibi yake, wao wakapanga chumba Temeke, katika nyumba yetu ya vyumba vinane, mwaka ule wa mvua nyingi kabla watu hawajaanza kununua kadi za chama. Ukimsalimia, kwanza anainua kofia, ndipo anaitika. Tulimpenda. Alitupiga picha wapangaji wote bila kutudai kitu, na hilo mliweke akilini, maana litakuja kueleza kwa nini tulinyamaza.

Sasa picha yenyewe.

Palikuwa na mzungu mmoja wa kampuni ya mbao, watu wakimwita Bwana Kifimbo kwa sababu hakuonekana bila kifimbo kwapani. Alitaka msitu wa Pugu, upande wa bondeni. Lakini desturi ya serikali ilikuwa hivi: kama mahali pana watu, waitwe barazani wasikilizwe kwanza. Kama hapana watu, karatasi inagongwa mhuri na kazi imekwisha. Bwana Kifimbo akamfuata Gaspar dukani, akaweka juu ya meza kamera mpya ya miguu mitatu.

"Nipigie picha sita za msitu," akamwambia. "Ile ya bondeni uipige alfajiri, ukungu ukiwa umeshika. Ukungu unapendeza. Picha ikiwa nzuri, kamera hii itakuwa yako."

Mjinga asingeelewa. Gaspar hakuwa mjinga. Alielewa pale pale, mkono wake ukiwa juu ya ngozi ya kamera. Aibu yake inaanzia hapo. Msimsingizie jini.

Njia ya Pugu alionyeshwa na Shomari, Mzaramo aliyekuwa akituletea mkaa Temeke. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, na wawili hawa walikuwa watani wa kuvunjana mbavu. Shomari akifika uani haanzi na salamu, anaanza na matusi. Atakula chakula cha Gaspar, atavaa viatu vya Gaspar, atamwita Demetria "mke wangu", na Gaspar hana ruhusa ya kununa, kwa kuwa mtani hanuniwi. Siku mtani wako akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kuchekesha matanga. Na siku una aibu iliyofichika, mtani ndiye mwenye haki ya kukutolea hadharani. Hii ni desturi, haina kesi.

Wakapanda gari la moshi, wakashuka Pugu, wakalala bondeni kwa mama yake Shomari. Jina lake Bi Siwema, bibi mfupi, mkavu, macho kama ya kunguru.

"Shikamoo, mama," Gaspar akasema.

"Marahaba, kichwa bapa. Babu zako walibeba pembe za Waarabu mpaka vichwa vikalala kama chapati. Wewe umebeba nini?"

"Kamera, mama."

"Basi nawe umebeba pembe. Ya nani?"

Shomari akacheka mpaka akakohoa. Gaspar akacheka pia, lakini kwa meno tu.

Alfajiri bibi akampa muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi. Alipokuwa anakula akamwambia, "Ukifika juu ya kilima piga hodi. Mwenembago yupo, mwenye pori. Na ukisikia mtu usiyemwona uso, usimtanie."

"Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu yule hajui kuwa mzaha ni mzaha."

Gaspar akafuta midomo, akashukuru, akaondoka. Hodi hakupiga. Alijiona msomi.

Juu ya kilima ukungu ulikuwa umekaa bondeni kama maziwa kwenye kibuyu. Miti imetoka vichwa tu. Chini kule, ukungu ukisogea, zinaonekana paa za makuti: moja, mbili, mpaka sita. Shamba la muhogo. Makaburi ya wazee yamezungushiwa mawe. Gaspar akamtuma Shomari nyuma ya kilima akakate kijiti cha kushikizia mguu wa kamera. Kijiti hakikuhitajika. Alitaka kubaki peke yake.

Akasimama anangoja. Ukungu ukapanda ukafunika paa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya sita ilikuwa ya Bi Siwema, na moshi wa jiko lililompikia muhogo ulikuwa bado unapenya kwenye makuti. Nayo ikafunikwa. Ikabaki sauti: jogoo, mtu anatwanga, mtoto anakohoa. Sauti haitoki kwenye picha. Gaspar akajifunika kitambaa cheusi kichwani, akatazama kwenye kioo cha kamera.

Kwenye kioo cha kamera zile kila kitu hukaa kichwa chini. Miti mizizi juu, mbingu chini. Alikwisha zoea. Basi katikati ya ile miti iliyopinduka akaona mtu anakuja na mzigo wa kuni kichwani. Akajua ni Shomari, na mtu ndani ya picha ndiyo kitu kimoja ambacho Bwana Kifimbo hakukitaka.

"We Mzaramo!" akapiga kelele mle mle ndani ya kitambaa. "Toka hapo! Nimekuja kupiga picha ya miti, si ya nyani! Au umesikia ngoma, maana nyie mkisikia ngoma hata maiti mnaitupa njiani!"

Ukunguni mtu akacheka.

"Unachekea nini? Kama unataka kucheka njoo Temeke ucheke vizuri. Vaa kofia yangu, kula jogoo wangu, mchukue na mke ukimweza!"

Hivyo ndivyo watani wasemavyo. Hakuna ajabu.

"Nimesikia, mtani," sauti ikajibu, karibu mno, kana kwamba na mwenyewe yumo ndani ya kitambaa, shavu kwa shavu, na pumzi yake inanuka moshi.

Gaspar akatoa kichwa. Hapana mtu. Mwingine angekimbia. Yeye, kwa kuwa mtu ameondoka na ukungu bado umeshika, akachomeka kioo cha picha, akapiga.

Shomari akatokea nyuma yake na kijiti. "Unamtukana nani?"

"Wewe."

"Mie nilikuwa huku nyuma." Shomari akashusha sauti mpaka ikawa pumzi tu. "Gaspar. Aliitika?"

"Nani aitike?"

"Ulipomwita. Aliitika?"

"Hapana," Gaspar akasema.

Kwenye gari la moshi la kurudi, ndipo akili ikamrudia. Kioo kilipindua miti yote. Lakini yule mtu kwenye kioo alikuwa wima, miguu chini, kichwa juu. Maana yake kule msituni alikuwa anatembea kichwa chini miguu hewani, na mzigo wa kuni haudondoki.

*

Nyuma ya kila picha Gaspar aliandika kwa wino: *Pori tupu. Hapana watu.* Zile tano zilishika wino. Ya bondeni, aliyoitaka Bwana Kifimbo, kila akiandika maneno yanachuruzika mpaka kwenye sakafu.

Siku ya nne, saa saba mchana, jua la utosi, wanawake tupo uani tunachambua mchele, sauti ikatoka ndani ya kistoo: "Hodi kwa mtani!"

"Karibu," Demetria akaitika. Mwanamke aliyelelewa haachi hodi ining'inie.

Akaenda akafunua blanketi. Kistoo kitupu. Uzi, picha, sufuria. Ikaja harufu ya moshi mbichi, ikatupita sie wote, ikaingia chumbani kwao kama mtu mwenye chumba.

Jioni kofia ya Gaspar haipo msumarini. Kesho yake jogoo hayupo, wala nyoya. Gaspar akaingia kistooni na taa yake nyekundu, akaitazama ile picha, akatoka amekuwa rangi ya majivu. Demetria akaingia baada yake. Ndani ya picha, kwenye tawi la mti wa mbele, ambako jana hapakuwa na kitu, ilikuwa imetundikwa kofia.

"Baba Wilbert, ni nini hiki?"

"Kasoro ya dawa."

"Kofia yako ndiyo kasoro ya dawa?"

Kisha matusi yakaanza. Mchana, daima mchana, watu wakiwa wengi. "Kichwa bapa!" bati la dirisha linasema. "Mnyamwezi! Umebeba pembe ya nani?" Sie tukacheka. Tulidhani ni Shomari kajificha, na mzaha ulikuwa mzuri, nisiseme uongo. Tukacheka mpaka Shomari mwenyewe alipoingia kwa mlango wa mbele na gunia la mkaa begani, na sauti ikawa bado inaendelea kule nyuma.

Gunia likamponyoka. "Alisema hakuitika," akanong'ona, hakumwambia mtu. Akatoka, mkaa akauacha.

"Mtani!" bati likasema. "Waambie wenzio umeandika nini! Waambie zilikuwa nyumba ngapi!"

Gaspar akakohoa. Alikohoa kwa nguvu, kikohozi cha uongo, ili tusisikie. Tulisikia. *Sita*, ile sauti ilisema, *sita, na makaburi, na muhogo ulioula.* Tulielewa sote ukumbini na uani, kila mtu kwa kiasi chake, na kila mtu akainamia ungo wake akatafuta mawe kwenye mchele ambao ulikwisha chambuliwa. Ukutani kwa kila mmoja wetu palikuwa na picha aliyopigwa bure.

Mtu mwenye aibu moja ana nafasi ya kuitoa ikiwa bado ndogo. Gaspar aliilea.

Siku ya saba sauti ikauliza kwa upole, upole ambao ulituumiza masikio kuliko matusi, "Mke wangu yuko wapi?"

Demetria aliamka kesho yake ameloa. Si jasho. Umande. Alilala ndani, mlango na dirisha vimefungwa, mumewe ubavuni mkavu kama kuni, na yeye nywele zimeshika matone kama utando wa buibui asubuhi, kanga imegandamana mwilini, nyayo zina udongo mwekundu na jani moja bichi limenasa katikati ya vidole, na mikono baridi, baridi ya mtu aliyetoka mbali kabla hakujapambazuka na hakumbuki njia aliyopita wala nani aliyemshika mkono. Jua likamkausha saa sita. Alfajiri iliyofuata ameloa tena. Siku ya tatu jua likashindwa. Alikaa uani mchana kutwa, midomo inatetemeka, na pale alipokaa pakabaki dimbwi.

"Ananiambia nimsaidie kubeba kuni," alimwambia mumewe, mie nikiwa nyuma ya ukuta, na kuta za nyumba ile zilikuwa za udongo tu. "Anasema wewe ndiye uliyenitoa. Baba Wilbert, ulinitoa?"

"Ulikuwa utani."

"Mie sikuulizwa."

Gaspar akaifunga picha katika kitambaa cha mpira, akaenda Mtoni kwa mganga, mzee Fakihi, mpunga majini wa siku nyingi. Fakihi akaitazama picha bila kuigusa, akavuta mkeka wake nyuma.

"Huyu simpungi."

"Kwa nini, mzee? Nitaleta mbuzi, nitaleta—"

"Nampunga mgeni aliyevamia. Huyu hakuvamia, ameitwa. Umemfanya ndugu wa mzaha, amekubali, anatumia haki zake. Mtani anafukuzwa?"

"Mke wangu anakufa kwa baridi, mzee."

"Basi sikiliza. Mtani anaishi kwa aibu yako. Ile unayoificha ndiyo kamba aliyoshika. Itoe wewe mwenyewe, mbele ya watu inaowahusu, uso mkavu, bila kucheka. Ukiisema wewe, yeye hana la kukutania. Ataondoka na mkeo atakauka."

"Na nikimpa mzungu picha yake? Akiondoka nayo?"

Fakihi akakunja mkeka. "Wewe si mtu wa kuumwa na jini," akasema. "Wewe ni mtu wa kumfundisha hila."

Ijumaa Gaspar akaipeleka picha kwa Bwana Kifimbo. Alijidanganya kuwa jini litafuata picha. Bwana Kifimbo akaipangusa kwa leso, akaandika mwenyewe nyuma yake maneno yale yale kwa penseli, akamkabidhi kamera. Gaspar akarudi Temeke ameibeba kamera mgongoni, na mlangoni akakuta maji yametoka chini ya mlango wa chumba chake mpaka barabarani.

*

Baada ya wiki moja vijana wa kampuni wakafika bondeni na vigingi. Wakapigilia kimoja katikati ya ua wa Bi Siwema. Bibi akatoka na mwiko mkononi. Msimamizi akamsomea karatasi: mahali hapa ni pori tupu, hapana watu.

"Na anayezungumza na wewe ni nani?" bibi akauliza.

Msimamizi akakunja karatasi. Akawaashiria vijana wapigilie kigingi kingine. Bi Siwema akaingia ndani, akajilaza, akageukia ukuta. Siku ya tisa akafa.

Akazikwa Jumamosi. Jumatatu wazee wa nyumba zile sita, waliokwenda kulalamika, walikuwa wameitwa barazani mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Wangesema nini? Karatasi ina picha, na picha haina mtu. Walihitaji shahidi mmoja tu, wa kusema kwamba alikuwapo siku ile na ukungu ulificha paa. Shahidi huyo hawakumjua. Shomari alikuwa anashuku tu, maana Gaspar hakumwambia picha ni za nani, na ilipopigwa ile ya bondeni yeye alikuwa nyuma ya kilima.

Na kwa kuwa maiti ni Mzaramo, Wanyamwezi walipaswa kwenda kutania. Tulikwenda wapangaji wengi kutoka Temeke. Demetria naye, amefunikwa kanga tatu, akakaa jikoni na wanawake, karibu na moto, na moto ukawa unafuka kwa maji yake.

Watani wakaanza kazi yao. Mmoja kalala njiani anadai jeneza halipiti. Mwingine kavaa nguo za marehemu anaigiza anavyotembea. Watu wanalia wanacheka, ndivyo ilivyo. Ndipo Gaspar akasimama kwenye tuta la kaburi.

"Nyie Wazaramo mnalia nini?" akapaza sauti. "Mnamtafuta aliyemuua bibi yenu? Ni mie! Nilikula muhogo wake, nikapanda pale juu, nikangoja ukungu ufunike paa zenu sita, nikapiga picha! Nikaandika hapana watu! Nikapewa kamera!"

Watu wakaangua kicheko. "Huyu fundi!" mmoja akasema. "Mnyamwezi kaja na mpya!" Mwingine akamtupia mchanga. Wazee wenyewe, wenye nyumba, walishika mbavu.

Aliwaza hivyo tangu Temeke. Mganga alisema mbele ya watu, naye kasema mbele ya watu. Lakini alichagua mahali pekee duniani ambapo Mnyamwezi akisema kweli mbele ya Wazaramo inahesabiwa uongo. Alitaka kutoa aibu bila kuonekana ameitoa. Na sie wa Temeke, tuliojua, tulicheka pamoja na wengine. Hapo sina la kujitetea.

Shomari hakucheka. Alitembea mpaka kwenye tuta.

"Gaspar," akasema. Hakumwita mtani. "Unatania au unasema?"

Kicheko kikafa kidogo kidogo. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, na kutoka bondeni, mahali ambapo ukungu hauonekani saa hizo tangu dunia iumbwe, ukaanza kupanda ukungu mwembamba, unanuka moshi, ukapita katikati ya makaburi ukatushika vifundo vya miguu, ukapanda magotini, baridi, na ndani yake tukasikia mtu anavuta pumzi, mtu mmoja aliyekaa tayari, kama anayengoja zamu yake kwenye mazungumzo.

Gaspar aliwatazama watu. Alimtazama Shomari. Neno moja tu lilitakiwa, na midomo ilifunguka kulisema, naapa ilifunguka. Kisha akaona nyuso zote zile zinavyomngoja, na uso wake mwenyewe ukamshinda.

"Natania tu, mtani," akasema, akacheka.

"Basi utatania," sauti ikajibu kutoka ndani ya ukungu. Ikasikika kwa kila mtu.

Wanawake wakapiga yowe. Watu wakaanza kukimbia. Demetria peke yake ndiye aliyekuja mbele, anadondosha maji, kijiko cha kupakulia bado kimo mkononi.

"Hatanii," akasema. "Mie ni mkewe. Picha ile niliikinga maji kwa sufuria. Aliandika kwa wino, ukakataa, akampelekea mzungu hivyo hivyo, na yule mzungu, alinisimulia mwenyewe, ndiye aliyemwambia angoje ukungu. Kamera iko chini ya kitanda chetu. Jumatatu nitasema hayo hayo kwa Bwana Shauri, na anayeniona nacheka anizabe kofi."

Hakuna aliyecheka. Wakati anasema, tulikuwa tunamtazama, na maji yakawa yanamtoka kama nguo inayokamuliwa. Alipomaliza alikuwa mkavu. Akashika nywele zake, akashika mashavu, akakaa chini kwenye mchanga akalia.

Jumatatu alisema. Bwana Shauri akapanda kilima mwenyewe, saa nne, ukungu umekwisha inuka, akahesabu paa kwa kidole. Vigingi viling'olewa. Bwana Kifimbo akasema alidanganywa na mpiga picha, kampuni ikaja Temeke kuchukua kamera yake. Demetria akapanda gari la moshi kwenda Tabora kwa mwanawe, na alipotuaga hakutushika mikono sie wa uani. Hatukumuuliza sababu.

Gaspar akabaki, na neno la mwenye pori likabaki naye.

Tulianza kuliona kwenye mambo madogo. Akimwambia muuza samaki "huyu ameoza", muuza samaki anacheka. Dukani kwake alisema anaomba likizo, wakacheka, hakupewa. Alikwenda kuungama, na waliokaa kwenye mabenchi wakasikia padri anacheka ndani ya kibanda, kisha padri akatoka amefunika mdomo, macho yamemtoka kwa hofu. Akisema "nina njaa", ni kichekesho. Akisema "jamani, nisikilizeni", tunapasuka mbavu. Mwanzoni tulidhani tunamcheka. Baadaye tukajua kwamba hatuchagui. Kicheko kilikuja chenyewe, kilitufungua meno kwa nguvu, na huku macho yetu yanatazamana yanaulizana ni nani anayecheka kwa vinywa vyetu.

Mwaka wa pili akashikwa na tumbo.

"Jirani," akaniita, "nakufa."

Nikacheka.

Siku mbili alituita, mmoja mmoja kwa majina. "Niitieni gari la hospitali. Nakufa. Sitanii." Kila aliyeingia chumbani alitoka anajishika ukutani kwa kicheko, na machozi ya kweli yanamtoka. Mie nilimpelekea maji nikacheka mpaka kikombe kikamwagika kifuani kwake. Alinitazama. Hakuna siku nimetazamwa vile. Niligeuka nikaenda kupika, nacheka, nikiwa na akili zangu zote. Aliponyamaza ndipo tulipomwamini, na hata hapo, tunamfunga kidevu, mabega yetu bado yanatikisika.

Shomari ndiye mtani wake, ndiye aliyekuja kutania maziko. Akasimama ukingoni mwa kaburi, watu tumezunguka tumeuma kanga zetu ili kicheko kisitoke. Akamtazama Gaspar ndani ya sanda.

"Mie sina la kumtania huyu," akasema. "Mzikeni."

Vinywa vyetu vikafunga. Tukanyamaza sote pale makaburini, kimya cha kwanza katika miaka miwili.

Mmoja, nyuma yetu, hakunyamaza: alicheka, na pumzi yake ilinuka moshi.